HBsAg, anti-HBc, HBeAg au DNA: kipimo kipi cha homa ya ini B ikiwa kirusi kimegeuka?

Maabara mbili zimepima damu ya mtu mmoja ndani ya wiki moja. Ya kwanza imeandika HBsAg (protini ya ganda la kirusi) chanya, ya pili imeandika hasi. Mtu anaambiwa kuna aliyekosea, akapime tena. Mara nyingi ni kweli: utepe wa kipimo ulikuwa umepitwa na tarehe, au ulisomwa kabla ya dakika zake kutimia. Lakini kuna nyakati ambapo maabara zote mbili zimefanya kazi yao sawasawa, na kilichotofautiana ni kingamwili (protini zinazoshika kirusi) zilizopakwa kwenye utepe. Za kwanza zilikitambua kirusi, za pili zikakipita bila kukijua, kwa kuwa sehemu ziliyozoea kuitazama imebadilika umbo.

Tunalinganisha hapa vipimo vinne vinavyoonekana kwenye fomu za maabara: HBsAg, anti-HBc (kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi), HBeAg (protini ambayo kirusi huitoa kwenye damu) na DNA ya kirusi (wingi wa virusi). Anti-HBs hatuihesabu kama kipimo cha tano kwa sababu haitafuti kirusi. Inapima kinga, na kama tutakavyoona, mtu anaweza kuwa na kinga hiyo na kirusi kwa pamoja.

Kirusi hugeuka wapi

Kirusi cha homa ya ini B kina DNA fupi mno, herufi 3,200 hivi zilizojikunja duara. Ufupi huo umekilazimisha kubana nafasi. Jeni zake nne zimepandiana, hata jeni nzima ya ganda (S) imelala ndani ya jeni ya kimeng'enya kinachonakili (P). Herufi zile zile husomwa mara mbili, kwa mistari miwili. Tena kunakili kwenyewe hupita kwenye RNA kabla ya kurudi kuwa DNA, na kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo hakina uwezo wa kusahihisha makosa yake. Mtu mwenye maambukizi makali hutengeneza mabilioni ya virusi kila siku, kwa hiyo makosa ya kila namna hutokea. Mengi hukiua kirusi. Machache hukifaa, na hayo ndiyo yanayobaki.

Sehemu ya kwanza ya kuangalia ni ganda. Protini ya HBsAg ina asidi amino 226 (matofali yanayoijenga protini), na sehemu inayotokeza nje ni kama nafasi ya 99 hadi 169. Ndani yake kuna kifundo, nafasi ya 124 hadi 147, ambacho wataalamu hukiita kwa herufi moja tu, "a". Ni vizingo viwili vilivyokazwa kwa madaraja ya salfa. Chanjo huufundisha mwili kukitambua kirusi hapo. Kingamwili za sindano wanazopewa watoto wa akina mama wenye maambukizi (HBIG) hushika hapo. Na vipimo vingi vya HBsAg hutazama hapo hapo. Ni kama walinzi watatu wanaomjua mwizi kwa kofia yake: akibadili kofia, wote watatu wamepotezwa kwa mkupuo mmoja.

Badiliko linalojulikana zaidi linaitwa G145R. Katika nafasi ya 145 hukaa glisini, asidi amino ndogo kuliko zote. Herufi moja ya DNA ikitoka G na kuwa A, glisini inaondoka na nafasi yake inachukuliwa na arginini, ambayo ni ndefu na ina chaji chanya. Kizingo kinapinda, na kingamwili zilizokuwa zikishika barabara zinateleza. Badiliko hili lilielezwa mwaka 1990 kwa mtoto wa Italia aliyezaliwa na mama mwenye maambukizi. Alipewa chanjo na HBIG, akaambukizwa vilevile, huku damu yake ikiwa na anti-HBs. Huko Gambia, kwa watoto waliochanjwa, lilionekana badiliko la jirani, K141E. Mengine ya kundi hili hupatikana nafasi za 120, 126, 129, 133 na 144. Yapo pia yanayoongeza tawi la sukari juu ya kifundo, na tawi hilo hukifunika kama utaji.

Sehemu ya pili inashangaza zaidi, kwa sababu mlango hufunguliwa na dawa. Mgonjwa anayetumia lamivudini peke yake dhidi ya homa ya ini B hupata usugu kwa haraka. Baada ya miaka 5 takriban 70 kati ya 100 wanao. Usugu huo hukaa kwenye jeni P, nafasi ya 204, mara nyingi pamoja na 180 na 173. Lakini jeni P na S zimepandiana: ukigusa herufi moja upande wa kimeng'enya, umeigusa na upande wa ganda. Hivyo badiliko la 204 huweza kuleta badiliko la nafasi ya 195 kwenye ganda, na la 173 kuleta la nafasi ya 164. Mabadiliko yote matatu yakikutana, ganda hupoteza mshiko wa anti-HBs kwa kiwango kinachokaribia kile cha G145R. Mgonjwa hakuwahi kukutana na kingamwili za chanjo, lakini kirusi chake kimejifunza kuzikwepa.

Sehemu ya tatu ni HBeAg. Hii ni protini ambayo kirusi huitoa kwenye damu bila kuihitaji ili kuzaliana; kazi yake kubwa ni kuulegeza mfumo wa kinga, na huweza kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kinga inapoanza kuishambulia, virusi visivyoitengeneza hupata nafasi. Njia kuu ni mbili. Badiliko la G1896A huweka alama ya kusimama katikati ya maelekezo, na HBeAg haitengenezwi kabisa. Badiliko pacha la A1762T na G1764A hupunguza tu uzalishaji wake. Kwenye jenotaipu A1 (tawi la ukoo wa kirusi), inayoenea sana Afrika Mashariki, G1896A ni adimu kwa sababu ya herufi iliyo mkabala wake pale RNA ya kirusi inapojikunja. Lakini A1 ina mabadiliko yake yenyewe karibu na herufi ya 1809 hadi 1812 ambayo pia huipunguza HBeAg. Njia imebadilika, safari ni ile ile.

Kabla hofu haijapanda, tazama Taiwan, iliyoanza kuchanja watoto mwaka 1984. Miongoni mwa watoto waliokutwa na DNA ya kirusi, wenye mabadiliko kwenye kifundo "a" walikuwa 7.8% mwaka 1984, na mwaka 1994 wakafika 28.1%. Namba hiyo ikisomwa peke yake inatisha. Lakini katika kipindi hicho hicho watoto wenye HBsAg walishuka kutoka 9.8% hadi 1.3%. Chungu kimepungua sana, na ndani ya kilichobaki sehemu ya virusi vilivyogeuka imeongezeka. Sokwe waliochanjwa kwa chanjo ya kawaida na kisha kuambukizwa kirusi chenye G145R kwa makusudi walikingwa. Basi mtu asiache chanjo kwa sababu ya makala haya. Swali letu ni la vipimo tu.

Vigezo vya kulinganishia

Kila kipimo tunakiuliza mambo manne. Kinatafuta nini hasa? Kirusi kilichogeuka kinakiponyokaje? Mezani, kinaharibika wapi? Na kinamfaa nani? Bei hatuiwekei tarakimu kwa sababu hutofautiana mno kati ya zahanati na hospitali binafsi, ila mpangilio wake karibu kila mahali ni mmoja: HBsAg ya haraka ndiyo rahisi kuliko vyote, DNA ndiyo ghali.

1. HBsAg

*Kinachotafutwa.* Protini ya ganda yenyewe. Hupimwa kwa utepe wa haraka au kwa mashine ya maabara, na umbali kati ya hivyo viwili ni mkubwa. WHO huvidai vipimo vya haraka vione angalau IU (kizio cha kimataifa) 4 kwa mililita. Mashine nzuri huona hata IU 0.05. Mtu mwenye maambukizi sugu kwa kawaida ana HBsAg nyingi, kwa hiyo utepe humkamata bila shida. Anayeponyoka ni yule mwenye kiasi kidogo.

*Kirusi kilichogeuka.* Hapa ndipo kinapoponyoka zaidi. Kipimo hutumia kingamwili mbili, moja ya kukamata na nyingine ya kuonyesha rangi. Kit (seti ya kipimo; zikiwa nyingi, vit) inayotegemea kingamwili za aina moja zinazoshika sehemu moja ya kifundo "a" ndiyo yenye hatari kubwa. Zinazochanganya kingamwili za aina kadhaa, zinazoshika pande tofauti za ganda, hukamata virusi vingi vilivyogeuka. Hili huwezi kulijua kwa kutazama boksi. Muombe mtu wa maabara karatasi ya maelekezo iliyomo ndani, uangalie kama mtengenezaji ametaja mabadiliko ambayo kit yake imejaribiwa nayo. Ikiwa 145 haijatajwa kabisa, jua hivyo.

Kuna mtego mwingine ambao hata maabara kubwa huuingia. Sampuli ikitoka chanya dhaifu, huthibitishwa kwa kuchanganywa na anti-HBs: chanya ya kweli inatakiwa izimike. Ganda lililogeuka halishikwi vizuri na anti-HBs hiyo, basi chanya haizimiki, na majibu yanatoka "haikuthibitishwa". Msomaji wa haraka huyageuza kuwa hasi.

*Mezani.* Utepe wa haraka una dirisha lake la kusomwa, mara nyingi dakika 15 hadi 20 kutegemea kit. Ukisomwa dakika ya 5 mstari hafifu bado haujajitokeza. Ukisomwa baada ya saa nzima utepe umekauka na huweza kuchora kivuli ambacho si kitu. Mstari wa T (wa kipimo) ukionekana, hata uwe hafifu kama penseli iliyofutwa, ni chanya. Mstari wa C (wa kuthibitisha kuwa utepe unafanya kazi) usipoonekana, kipimo kimeharibika hata kama T imejitokeza. Kwa damu ya kidoleni vit nyingi hudai tone la kimiminika chake baada ya damu kunywewa. Likisahaulika, damu inaganda juu ya utepe na haifiki kwenye mstari. Vit nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, na stoo ya mabati ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hupita hapo kabla ya saa sita mchana.

Mambo mawili yasiyotegemewa: HBsAg ikiwa nyingi kupita kiasi huweza kuzisonga kingamwili za vit fulani na kuleta hasi ya uongo, na dawa yake ni kurudia na damu iliyopunguzwa makali. Na aliyechanjwa majuzi huweza kuonyesha chanya ya chanjo yenyewe kwa hadi siku 18 hivi, kwa hiyo asipimwe kabla ya wiki tatu kupita.

*Kinamfaa.* Mtu yeyote anayepimwa kwa mara ya kwanza, kliniki ya wajawazito, upimaji wa watu wengi, zahanati isiyo na mashine. Hakitoshi peke yake kwa mtu mwenye dalili za ini zisizoeleweka, wala kwa anayekaribia kupewa dawa za kushusha kinga.

2. Anti-HBc

*Kinachotafutwa.* Kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, chini ya ganda. Hutokea kwa aliyekutana na kirusi chenyewe tu. Chanjo haina kiini, kwa hiyo haileti anti-HBc. Ikishatokea, kwa kawaida hubaki maisha.

*Kirusi kilichogeuka.* Ganda libadilike litakavyo, kipimo hiki hakijali. Hiyo ndiyo nguvu yake kuu. Mtu mwenye G145R aliyetoka HBsAg hasi kwenye utepe, karibu daima ana anti-HBc.

Udhaifu wake ni kwamba hakisemi kirusi kipo leo au kiliondoka miaka 20 iliyopita. Katika nchi ambako watu wengi walikutana na kirusi utotoni, anti-HBc chanya ni ya kawaida. Ndiyo maana Marekani inaweza kuitumia kuchuja wachangia damu, ilhali benki ya damu ya Afrika Mashariki ikifanya hivyo itamwaga chupa nyingi mno.

*Mezani.* Omba "anti-HBc jumla" (IgG na IgM pamoja). IgM peke yake ni ya maambukizi mapya, na mtu mwenye maambukizi ya miaka mingi atatoka hasi. Mtoto wa mama mwenye anti-HBc huibeba ya mama hadi karibu miezi 24, kwa hiyo kabla ya hapo jibu lake ni la mama. Aliyeongezewa damu au kupewa kingamwili za mshipani naye huweza kuonyesha za watu wengine. Kwa upande wa pili, mwenye VVU na CD4 (seli za kinga) za chini sana huweza kushindwa kuitengeneza.

*Kinamfaa.* Kila anayekaribia kuanza rituksimabu (dawa inayozima sehemu ya kinga), dawa kali za saratani au za kushusha kinga. Kwa rituksimabu, onyo rasmi la Marekani la mwaka 2013 linataka HBsAg na anti-HBc zipimwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu kirusi kilicholala ndani ya ini huweza kuamka na kuliua ini lenyewe. Kinamfaa pia mtu anayetaka kujua tu kama aliwahi kukutana na kirusi kabla ya kuchanjwa.

3. HBeAg

*Kinachotafutwa.* Protini ile inayotolewa kwenye damu. Hakipimwi ili kujua kama mtu ana maambukizi. Hilo lazima liwe limeshajulikana. Hupimwa kubashiri kama virusi ni vingi.

*Kirusi kilichogeuka.* Kwetu hapa ndipo pa kuwa macho. Mtu mwenye 1896, au 1762 na 1764, au yale ya jenotaipu A1, huweza kuwa HBeAg hasi huku DNA yake ikiwa mamilioni. Katika uchambuzi wa tafiti uliosimamia mwongozo wa WHO wa mwaka 2020, HBeAg iliwakamata takriban 88% ya wajawazito wenye DNA ya juu, ile inayohitaji dawa. Maana yake, kati ya kila 100 wenye virusi vingi, 12 wangeambiwa wako salama.

*Mezani.* Vipimo vya haraka vya HBeAg vina uwezo mdogo kuliko vya mashine, kwa hiyo hasi ya utepe wa HBeAg ni dhaifu mara mbili: kwa kemia yake na kwa kirusi chenyewe. Chanya, kinyume chake, inaaminika: mwenye HBeAg karibu daima ana virusi vingi.

*Kinamfaa.* Mahali ambapo DNA haipatikani na uamuzi hauwezi kusubiri. Pia daktari anayefuatilia mgonjwa wa miaka mingi ili kuona kinga inaelekea wapi. Kwa mtu mwenye uwezo wa kupata DNA, fedha ya HBeAg ni bora iongezwe huko.

4. DNA ya kirusi

*Kinachotafutwa.* Chembe za urithi za kirusi kwenye damu, zikihesabiwa kwa IU kwa mililita. Vipimo vya sasa huona hata IU 10 au 20.

*Kirusi kilichogeuka.* Hakitazami umbo la protini, kwa hiyo kofia mpya haikihusu. Watengenezaji hulenga sehemu za DNA ambazo kirusi hakiwezi kuzibadilisha bila kujidhuru. Bado inawezekana badiliko likaangukia pale panaposhikwa na kipimo, idadi ikatoka chini kuliko ilivyo, na hilo huonekana pale majibu ya mashine mbili yanapopishana sana.

Kinachokiangusha mara nyingi zaidi ni uchache. Kuna hali ya maambukizi yaliyojificha: HBsAg hasi, kirusi kimo ndani ya ini, na damuni DNA iko chini ya IU 200, leo ipo, mwezi ujao haionekani. Ikiwa HBsAg ni hasi lakini DNA ni maelfu, huko ndiko kufikiria zaidi ganda lililogeuka. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa daktari: wa kwanza kinga imemminya kirusi, wa pili kirusi kinazaliana kwa raha na kipimo ndicho kilichokuwa kipofu.

*Mezani.* Damu ichukuliwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau (EDTA). Kifuniko cha kijani kina heparini, na heparini huzuia PCR (mbinu ya kuzidisha DNA ili ionekane). Majibu yatatoka hasi au batili bila kosa la mtu yeyote mwingine. Plazma itenganishwe siku hiyo hiyo, isipitishe saa 24. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu katika hospitali nyingi za wilaya, ina katriji ya homa ya ini B inayotoa jibu kwa takriban saa moja; mara nyingi kinachokosekana ni katriji, si mashine. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi hurahisisha usafiri kutoka vijijini, lakini huona kuanzia maelfu ya IU tu, kwa hiyo linafaa kutafuta virusi vingi na halifai kumtafuta aliyejificha.

Soma kizio. Karatasi nyingine huandika kwa kopi, nyingine kwa IU, na IU moja ni kopi tano au sita hivi. Zinazoandika kwa logi: 3.3 ni IU 2,000, na 5.3 ni IU 200,000.

Na muulize mtu dawa anazomeza. Anayetumia ARV zenye tenofoviri na lamivudini, kama TLD, au anayezimeza kwa ajili ya kujikinga na VVU, anatibiwa homa ya ini B bila kujua. DNA yake huweza kutoka sifuri.

*Kinamfaa.* Mwenye HBsAg chanya anayeamuliwa kutibiwa, mjamzito, mtu ambaye vipimo vyake viwili vya HBsAg vimepingana, na benki ya damu yenye uwezo: Afrika Kusini hupima DNA kwa kila chupa moja moja tangu mwaka 2005.

Kusoma mfuatano wa herufi za jeni S, ambako ndiko kungesema "hii ni G145R", hufanywa zaidi na maabara za utafiti na kunahitaji DNA ya kutosha, mamia ya IU kwenda juu. Kwa mgonjwa mmoja mmoja jibu hilo mara chache hubadili dawa. Tenofoviri haijali umbo la ganda.

Uchague nini, kwa hali yako

*Unapimwa mara ya kwanza, huna dalili.* HBsAg, kwa mashine ikipatikana. Hasi: chanjwa. Ukitaka kuhakiki kinga, anti-HBs hupimwa mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, na mIU 10 kwa mililita au zaidi ndiyo kinga.

*Umechanjwa, anti-HBs unayo, mwenzi wako ana maambukizi, na ALT yako (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia) iko juu.* Usiishie kwenye anti-HBs. Omba HBsAg na anti-HBc. Anti-HBc ikiwa hasi, tafuta sababu nyingine ya ini. Ikiwa chanya, nenda DNA hata kama HBsAg ni hasi. Wapo wanaobeba HBsAg na anti-HBs kwa wakati mmoja. Karatasi yenye zote mbili si lazima iwe kosa la mchapaji.

*HBsAg ya maabara mbili imepingana.* Kwanza ondoa makosa ya mezani: tarehe, dakika, mstari wa C. Kisha uliza majina ya vit zote mbili. Damu ipelekwe DNA na anti-HBc kwa pamoja, usirudie utepe mara ya tatu.

*Mjamzito mwenye HBsAg.* DNA. Ikiwa IU 200,000 au zaidi, tenofoviri ya miligramu 300 kila siku humkinga mtoto. Hakuna DNA, pima HBeAg, na chanya inatosha kuanza. Hakuna vyote viwili, au HBeAg ni hasi na kuna wasiwasi, muulize daktari kuhusu mwongozo wa WHO wa mwaka 2024, unaoruhusu mjamzito yeyote mwenye HBsAg apewe tenofoviri pale vipimo hivi vinapokosekana. Ratiba ya chanjo ya wiki ya 6, 10 na 14 humwacha mtoto wazi kwa wiki sita za mwanzo, na mtoto mchanga akiambukizwa uwezekano wa kubaki na ugonjwa sugu ni takriban 90%. Uliza mapema, kabla ya siku ya kujifungua, kama hospitali ina dozi ya ndani ya saa 24.

*Mtoto wa mama huyo.* HBsAg na anti-HBs akiwa na miezi 9 hadi 12. Kabla ya hapo HBIG huweza kumpa anti-HBs ya kuazima. Anti-HBc usiihangaikie mpaka atimize miaka miwili. Akiwa na anti-HBs na HBsAg zote mbili, au HBsAg hasi na ALT ya juu, apimwe DNA. Kisa cha Italia kilikuwa cha namna hiyo.

*Unaanza dawa za kushusha kinga.* HBsAg na anti-HBc kwa pamoja, kabla ya dozi ya kwanza. Anti-HBc chanya peke yake inatosha kumfanya daktari azungumze nawe kuhusu tenofoviri au entekaviri ya kinga.

*Unaishi na VVU na unataka kuhamia sindano za miezi miwili.* Kabotegraviri na rilpivirini hazigusi homa ya ini B. Ukiacha TLD na kirusi kimo, ini huweza kulipuka ndani ya wiki chache. Hapa DNA ya leo haisemi kitu kwa sababu TLD imeizima. Unachohitaji ni HBsAg na anti-HBc, na ikiwezekana majibu ya kabla hujaanza ARV. HBsAg chanya, baki na dawa zenye tenofoviri. Anti-HBc pekee chanya, zungumzeni na daktari kwanza, na mkihama, ALT, HBsAg na DNA zirudiwe kwa vipindi mtakavyokubaliana. Zote hasi, chanjwa homa ya ini B kabla ya kuhama.

*Zahanati ina utepe wa HBsAg tu.* Pima, soma kwa saa, andika jina la kit na namba ya toleo kwenye daftari. Mgonjwa mwenye macho ya manjano, maji tumboni au ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini, akitoka hasi, apewe rufaa ya anti-HBc na DNA, na kwenye karatasi ya rufaa yaandikwe maneno "HBsAg hasi kwa kipimo cha haraka", ili anayempokea asidhani suala la homa ya ini B limeshafungwa.